Chumba Namba Tano Hakina Sofa

Ukimsikia Shangazi akitembea na funguo zinamlia kiunoni, ujue mambo si mazuri. Funguo zilikuwa nane, mmoja kwa kila chumba cha nyumba ya wageni aliyoachiwa na marehemu baba yake aitunze, na zote alizitia kwenye pete ya chuma aliyoifunga mkandani. Mgeni akija, ufunguo unatoka. Vyumba vikijaa, pete inabaki tupu na Shangazi anapita kimya. Sasa kwa miaka miwili alikuwa anasikika kuanzia jikoni mpaka getini, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Aliyeteseka zaidi na mlio huo ni mtoto wa marehemu kaka yake, mwanamke wa miaka arobaini na minne ambaye mtaa mzima ulimwita Kona Nne. Jina alilipata kazini. Miaka kumi na tisa alitandika vitanda katika hoteli kubwa ya mjini, na msimamizi wake, mtu asiyejua kusifu hata kwa bahati mbaya, siku moja alisimama mlangoni, akatazama shuka lilivyokunjwa pembe zote nne, akasema, "Huyu ana kona nne." Basi. Sifa yenyewe ikaishia hapo, ila jina likamganda. Hoteli ilipofunga ghorofa tatu za juu iliwafungia nje na watandikaji wake, na Kona Nne akaja kuishi kwa Shangazi na fulana mbili za kazi na mgongo unaouma.

Hakukaa kulia. Ukumbi wa maktaba ulikuwa na darasa la bure la kutengeneza tovuti, wiki kumi, naye akajiandikisha, mwanafunzi aliyemzidi umri mwalimu wake. Wenzake walitaka tovuti za muziki na mpira. Yeye alitaka moja tu, ya nyumba ya Shangazi. Mwalimu akamwambia tovuti isiyoandikwa kitu kipya hufa mapema, kwa hiyo aiwekee blogu, ukurasa wa kuandika kidogo kidogo kila siku.

"Niandike nini kila siku, mwalimu?"

"Andika unachokijua."

Alitoka pale amenuna. Alichokijua yeye ni mashuka, na nani atakaa asome habari za mashuka?

Darasa lilikuwa halijaisha wakati Baba mdogo alipokuja kuitisha kikao. Huyu alikuwa mdogo wake Shangazi, muuza saruji na misumari katika mji mwingine, mtu wa mahesabu na maneno machache. Kikao kilikuwa cha watu watatu: yeye, dada yake, na Kona Nne aliyeketi mahali pa marehemu baba yake. Baba mdogo hakuzunguka. Nyumba ni ya familia, vyumba vinalala vitupu, yeye anahitaji bohari ya saruji upande huu. Kuta za ndani zibomolewe.

"Na mimi?" Shangazi akauliza.

"Utakuja kukaa kwangu, dada. Kile chumba cha nyuma ya duka tutakisafisha."

Shangazi alishika pete yake ya funguo kwa mikono miwili. Miaka ishirini na sita alikuwa ameishi kwa kuwafungulia watu milango, na sasa anaambiwa akawe mgeni wa kudumu nyuma ya duka la misumari, akae na wajukuu wa watu. Kona Nne alimtazama. Ndipo akaropoka kitu ambacho hakuwa amekipanga.

"Baba, nipe miezi mitatu. Natengeneza tovuti. Ukirudi ukikuta hata nusu ya vyumba ni vitupu, bomoa. Sitasema neno."

"Tovuti," alisema Baba mdogo, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa kuku. Lakini alikubali. Alisema atarudi na fundi mwashi na futi ya kupimia.

Sasa hapa ndipo Kona Nne na Shangazi walipofanya kosa, na ni kosa la watu wenye nia njema kabisa. Zamani watu walikuwa wakienda studio kupiga picha, mtu anaazima koti, anaazima saa, anasimama mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji. Shangazi alikulia katika adabu hiyo. Kwake, kupiga picha chumba bila kukivalisha ni kukiaibisha.

Wakaazima. Kwa fundi seremala wa jirani wakaazima sofa la buluu, jipya, lililokuwa likimsubiri mwenyewe aje alichukue. Kwa mshona mapazia wakaazima mapazia. Chombo cha maua kilitoka kwa Mama Vigae, mjane mcheshi mwenye nyumba ndogo ya wageni mtaa wa pili, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya vigae vyekundu vya barazani kwake. Televisheni ilitoka kwa kinyozi, bila waya. Sofa lile likabebwa chumba hadi chumba, likapigwa picha namba moja, likapigwa picha namba mbili, mpaka wabebaji wakaomba maji. Namba sita mlango ulikuwa mwembamba likagoma kuingia, wakalisimamisha ukumbini na Kona Nne akapiga picha kwa kubinya jicho ili ionekane limo ndani. Jioni kila kitu kikarudi kwa wenyewe. Kilichobaki ni picha, na picha zilikuwa tamu kweli.

Tovuti ikafunguliwa. Simu zikaanza kulia ndani ya wiki moja. Shangazi akatandaza kitambaa kipya mezani.

Wa kwanza walikuwa mume na mke waliokuja kufuatilia hati ya kiwanja. Walikuwa wamechagua namba tano kutoka kwenye picha. Mke aliingia, akatazama kitanda, akatazama ukuta, akageuka.

"Sofa liko wapi?"

Shangazi, ambaye hajui kusema uongo lakini pia hajui kunyamaza, akajibu, "Lilikuja kututembelea tu."

Waliondoka na begi lao wala hawakukaa hata kunywa maji. Jioni, chini ya picha ya namba tano, mke akaandika maneno ambayo Kona Nne aliyasoma mpaka akayashika kwa moyo: *Picha ni nzuri. Nyumba ni nyingine.* Baada yao wakaja wengine watatu, kila mmoja kwa siku yake, na kila mmoja akaondoka kwa mtindo uleule. Kisha simu zikanyamaza kabisa. Mwezi ulikuwa umekwenda, na funguo nane zilikuwa zikilia kiunoni kwa Shangazi kuliko mwanzo.

Kona Nne aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona. Kufukuzwa kazi hakukumuuma hivi, kwa sababu kule hakukosea. Hapa alikuwa amemharibia mtu mzima jina, kwa mikono yake mwenyewe na sofa la kuazima. Alikwenda chumba namba tano kutoa mashuka ambayo hakuna aliyeyalalia, akakaa kitandani, akalia vizuri, bila haraka.

Alipomaliza kulia akagundua kwamba upande aliokalia godoro lilikuwa gumu. Akasogea upande wa dirishani. Laini. Akasogea tena. Na hapo, akisogea huku na huko juu ya kitanda na pua inamvuja, akawakumbuka wageni wa ile hoteli kubwa. Wale wazoefu, waliokuja kila mwaka, walikuwa hawamwulizi mtu wa mapokezi kitu. Walikuwa wanamvizia yeye ukumbini na toroli lake la mashuka. Dada, chumba gani hakina mbu? Dada, lifti inasikika kwenye kile cha mwisho? Mtu wa mapokezi ana karatasi yenye picha. Mtandika kitanda anajua.

Usiku huo alilala namba tano. Asubuhi, baada ya kutandika, akafungua kompyuta magotini, akafuta picha zote nane, akaandika:

*Chumba namba tano. Nimelala humu jana. Godoro ni gumu upande wa ukutani na laini upande wa dirishani. Mkiwa wawili, elewaneni mapema. Bomba la bafuni linakohoa mara mbili kabla ya kutoa maji. Usiogope, yanakuja. Jua linaingia saa tisa alasiri na kukaa mpaka saa kumi na moja, na dirishani kuna kamba, kwa hiyo nguo zako zitakauka. Sofa la buluu halimo. Halikuwahi kuwa letu. Tunaomba radhi.*

Chini akaweka picha ya kitanda kilivyo, na bomba lilivyo. Kesho yake akalala namba moja, halafu namba mbili, akaendelea hivyo mpaka akamaliza nyumba. Namba moja inapakana na mashine ya kusaga nafaka, inayoanza kunguruma saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kutikisa mpaka glasi. Namba tatu mlango wake unalia ukiufungua, mafuta hayajausaidia. Namba saba simu haishiki mtandao, labda usimame juu ya kitanda na kuinua mkono. Yote akayaandika.

Habari zilimfikia Shangazi kupitia Mama Vigae, aliyekuja barazani na simu yake akamsomea kwa sauti, huku akijizuia kucheka. Shangazi aliinuka mzima mzima, funguo zote nane zikapiga kelele.

"Umeandika bomba linakohoa? Bomba la baba yangu?"

"Linakohoa, Shangazi."

"Najua linakohoa! Mimi ndiye ninayeishi nalo! Lakini ni siri ya nyumba! Mwanangu, unanivua nguo mbele za watu?"

"Tulishaivalisha nyumba nguo za watu, Shangazi, na ukaona. Acha sasa waje wakijua."

"Waje! Nani aje kwenye mashine ya kusaga?"

Hawakusemeshana siku mbili. Chai iliwekwa mezani kwa kishindo. Tuseme ukweli, Kona Nne mwenyewe alikuwa na hofu. Alikuwa ameweka rehani nyumba ya ukoo kwa habari za bomba.

Siku ya tatu simu ikalia. Sauti ya kiume, nzito, ikauliza, "Samahani dada. Hiyo namba moja, mashine bado ipo?"

Kona Nne akafumba macho. "Ipo, kaka. Inaanza saa kumi na mbili na nusu. Haikosi."

"Hata Jumamosi?"

"Hata Jumamosi."

"Niwekee siku nne."

Alikuwa mkaguzi wa mizani za sokoni, mtu mnene mwenye tabasamu, anayelala usingizi wa jiwe. Saa ya kuamshia haikumfaa, simu haikumfaa, na mara mbili alishapewa barua ya onyo kwa kuchelewa kazini. Asubuhi ya kwanza mashine ilipokohoa na kuanza, alitoka chumbani amevaa viatu, akamshika Shangazi mkono kwa furaha. "Mama, nimeamka!" akamwambia. "Mwenyewe!" Shangazi akamtazama kama mtu aliyepotea njia, lakini ufunguo wa namba moja ulikuwa umeshatoka kwenye pete.

Mkaguzi aliwaambia wenzake. Wenzake wakasoma blogu. Akaja mama mwenye mtoto aliyefungwa plasta mguuni katika hospitali ya jirani, akataka namba tano kwa ajili ya jua na kamba ya nguo. Kuhusu bomba alisema mtoto wake analipenda, wanahesabu pamoja, moja, mbili, maji. Akaja bibi mmoja aliyekuwa akifuatilia mafao ya marehemu mumewe, mwoga wa wezi, akaujaribu mlango wa namba tatu mara tano na kusema, "Huu ndio mlango. Akija mtu nitamsikia." Akaja mwanafunzi wa chuo anayeandika tasnifu yake, macho mekundu, akauliza kama ni kweli namba saba haina mtandao. Alipojaribu akakuta ni kweli, akakaa kitandani akashusha pumzi ndefu. Akalipia wiki tatu.

Kona Nne hakuacha kuandika. Kila asubuhi, kitanda kikishatandikwa, anaandika mistari michache. Kinachotengenezeka alikitengeneza na kukiandika pia: kitasa cha namba nane kimepona, dirisha la namba mbili sasa linafunga. Watu walianza kusoma hata wasiokuwa na safari, kwa raha tu, kama mtu anavyofuatilia habari za jamaa zake. Na Shangazi, yule aliyewekewa bomba lake hadharani, asubuhi moja alisimama mlangoni na fagio akasema, bila kumtazama mtu, "Hujaandika ile ngazi ya uani. Ya tatu imelegea. Andika kabla mtu hajaanguka." Kona Nne akainamisha kichwa kwenye kompyuta ili asionekane anavyocheka.

Mama Vigae naye akaja kuomba aandikiwe nyumba yake. Kona Nne akampa masharti ambayo baadaye aliwapa wote: nilale kwanza kila chumba, na niandike nilichokikuta. Mwenye nyumba mmoja wa mtaa wa juu alikataa, akasema kwake hakuna kasoro. Akaachwa na picha zake. Mama Vigae alikubali palepale, na mpaka miezi mitatu inakaribia kuisha, Kona Nne alikuwa ametengeneza tovuti za nyumba tano, anaitwa huku na huko, na mgongo haumuumi tena au pengine hana muda wa kuusikiliza.

Siku ya siku ikafika. Baba mdogo aliteremka saa kumi alasiri, nyuma yake fundi mwashi mrefu na futi ya kupimia. Shangazi alikuwa anafagia baraza. Walisalimiana vizuri, kama ndugu, wakaulizana hali za watoto.

"Haya, dada," Baba mdogo akasema. "Fundi anataka kupima kuta kabla jua halijashuka. Tuanze na namba moja."

"Gonga," akasema Shangazi.

Akagonga. Ndani palikuwa na mkoromo, haukukatika. Akagonga namba tatu. Mlango ukalia, bibi akachungulia na kuuliza yeye ni nani na anatafuta nini, akamwangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani. Namba tano mtoto mwenye plasta alimwomba anyamaze kidogo kwa sababu wanasubiri bomba. Namba saba mwanafunzi hakufungua, alisema tu kwa ukali, "Sura ya nne, tafadhali!" Kote alikopita palikuwa na mtu, na kila mtu alikuwa mwenyeji kuliko yeye.

Baba mdogo akarudi barazani, jasho linamtoka. Alikuwa muuza duka wa siku nyingi, hadanganyiki kirahisi.

"Dada, niambie ukweli. Umeita watu wakujazie nyumba leo?"

Shangazi hakubishana. Alifungua mkanda, akachomoa ile pete ya chuma, akamwekea mdogo wake kiganjani. Haikuwa na ufunguo hata mmoja.

"Ina wiki tano hivyo," alisema. "Ulipoingia getini, ulinisikia nikitembea?"

Baba mdogo aliigeuza ile pete, akaigeuza tena. Aliujua mlio wa funguo zile tangu zilipokuwa kiunoni kwa baba yao. Midomo ikamcheza. Kona Nne, aliyekuwa amesimama kizingitini na mashuka mkononi, alijisikia moyo unampanda mpaka masikioni, furaha tupu, na hakuona haya kuwa nayo.

Fundi mwashi, ambaye hakuwa na habari ya mambo ya familia, akakohoa kidogo. "Sasa mzee, sisi tunalala wapi? Gari la kurudi limeshaondoka."

Baba mdogo akamtazama dada yake. Shangazi akaangalia dari.

"Mwanangu," Baba mdogo akamwambia Kona Nne polepole, "hamna hata kona?"

"Hamna, baba. Lakini kwa Mama Vigae viko viwili." Akatoa simu, akamsomea mwenyewe: "Namba mbili. Kitanda kizuri, kirefu. Feni inapiga kelele kama inasaga kokoto. Aliyezoea ukimya asichukue."

"Na watu wanakwenda hapo? Wakijua?"

"Mimi nimelala hapo, baba. Jaribu."

Akaenda, begi mkononi, na fundi akamfuata na futi yake ambayo haikuwa imekunjuliwa.

Asubuhi Kona Nne alikuwa anatandika namba nane simu ilipotetemeka. Ujumbe ulikuwa umeandikwa kwenye ukurasa wa nyumba ya Mama Vigae, chini ya picha ya feni. Akauangalia, akaenda mbio jikoni kumsomea Shangazi, na Shangazi akaacha kijiko.

*Feni inapiga kelele kama ilivyoandikwa. Dukani kwangu kuna mashine ya kokoto, kwa hiyo nimelala kama niko nyumbani. Pia nimempeleka fundi alfajiri nyuma ya ua wa dada yangu. Panaingia vyumba viwili. Saruji ninayo. Mgeni wa namba mbili.*

"Soma tena," Shangazi akasema.

Akasoma tena. Shangazi alijifuta macho kwa upindo wa gauni, kisha akajishika kiunoni, mahali ambapo pete tupu ilikuwa imerudi kukaa.

"Mjibu," alisema. "Mwambie karibu sana. Na mwambie akijenga vibaya, tutaandika."